Makasia ya Imakulata

Mzee Castory alinikuta asubuhi napara samaki nyuma ya nyumba. Alisimama karibu na karai mpaka nikaanza kuona haya. Kwa kawaida akileta kambare humtia kwenye beseni langu, huuliza kama watoto hawajambo, kisha huyo anakwenda zake. Siku hiyo hakubeba kitu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Noa.” Akakohoa kidogo. “Nina ombi. Nataka unifundishe Kishambaa.”

Nilicheka, maana nilidhani ni utani. Mkewe, Imakulata, ni Mshambaa kama mimi, na wameoana tangu sijazaliwa.

“Si unaye mwalimu ndani mwako, mzee?”

“Ndiye huyo siwezi tena kuongea naye,” akasema.

Niliacha kisu nikanawa mikono, nikamtolea kigoda.

Sisi tunaishi kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Wazee wanaiita Kambi ya Bwawani, kwa sababu ya bwawa lililochimbwa zamani kupeleka maji korona. Korona ninayosema ni mitambo ya kusindika mkonge, si ule ugonjwa. Mitambo ilisimama siku nyingi, mabati yakang’olewa, lakini bwawa likabaki pamoja na perege na kambare wake. Mimi nakaanga samaki na kuuza barabarani, na kwa miaka mingi samaki wangu wazuri walitoka kwa Castory na Imakulata.

Baba yake Castory aliletwa kutoka Kigoma enzi za manamba, kukata mkonge. Castory alizaliwa hapa kambini, kwenye nyumba za mstari, jirani huyu Mmakonde, yule Mbena, yule Mbondei. Kiswahili ndicho kilichowafanya watoto wa kambi wachezee uwanja mmoja, na Kiha cha baba yake alibaki na salamu tu. Imakulata aliteremka kutoka milimani, juu ya Lushoto, kuja kumsaidia shangazi yake aliyejifungua. Hakurudi tena. Walifunga ndoa kwenye kigango cha kambi, wakapata mtoto mmoja, Devota, wakamlea kwa Kiswahili. Imakulata alipompigia simu kaka yake kule juu, Castory alitoka nje kuvuta sigara mpaka amalize. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo. Wangapi kambini wanaishi hivyo.

Korona ilipofungwa, Castory aliingia kwenye uvuvi. Wengine bwawani hutega nyavu, au hukaa ukingoni na ndoana wakisubiri bahati. Yeye alivua kwa kukokota. Alikuwa na kiboti cha mbao cha makasia mawili, na nyuma ya kiboti aliachia mishipi miwili mirefu, kila mmoja na kijiko mwishoni. Ni vijiko hivi hivi vya chai: alikata mpini, akatoboa tundu, akafunga ndoana. Boti ikitembea, kijiko kinayumba majini kama kisamaki kilichoumia, na kambare mkubwa akikiona hukifuata. Lakini lazima mwendo uwe sawa. Boti ikikimbia kijiko kinapanda juu na kuzunguka ovyo, ikizubaa kinazama na kunasa kwenye magogo. Mwendo unatakiwa uwe ule ule kutoka kwenye magugu mpaka kwenye ukuta wa bwawa na kurudi. Na aliyeuweka mwendo huo ni Imakulata.

Wanaume walimcheka. Mke anapiga makasia, mume amekaa kama bwana shamba! Castory aliwajibu kwamba akipiga yeye samaki wanajua kuna mtu. Na kweli, mara moja moja Imakulata alipougua, Castory alikwenda na kijana wa jirani akarudi na beseni tupu.

Mtu akipiga makasia hukaa akiupa mgongo upande ambao boti inakwenda. Kwa hiyo Imakulata alikaa katikati akimwelekea mumewe, na Castory alikaa nyuma kabisa, upandeupande. Fimbo mbili alizisimika kwenye vipande vya bomba, moja kulia, moja kushoto, na macho yake hayakubanduka kwenye ncha zake. Ncha ikitetemeka kidogo kidogo, kijiko kinafanya kazi. Ikinyamaza, kimekusanya majani. Ikiinama ghafla, basi. Nilipokuwa naosha vyombo ukingoni niliwaona wakipita hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, hawasemezani. Castory akiinua mkono wa kushoto, Imakulata anakaza kasia la kulia. Akishusha kiganja, anapunguza.

Shida ilianza miaka mitatu iliyopita baada ya Pasaka. Samaki walipungua, na Castory akaniambia wanamponyoka. Wanashika, wanavuta, kisha mshipi unalegea na ndoana inarudi na kipande cha mdomo.

“Fimbo zimekuwa ngumu,” alisema. “Mianzi hii imekauka mno.”

Nilikubali, ila nilikuwa nimeona mengine kule ukingoni. Boti ilikwenda kwa kushtukashtuka. Imakulata alivuta mara mbili kwa nguvu, akasimama kama mtu aliyeitwa, akavuta tena. Asubuhi moja alipiga kasia moja tu, boti ikazunguka pale pale mpaka mishipi yote miwili ikajisokota. Castory alikaa akiifungua taratibu, fundo moja baada ya jingine, wala sikusikia akimgombeza. Na siku nyingine Imakulata alikuja kwangu kuuliza kama Devota amepita akitoka shule. Devota ni mama mtu mzima, anakaa Nguvumali, mjini Tanga, na watoto wake.

Nilipokuwa nakwenda Tanga kununua mafuta ya kukaangia, Castory aliniomba tuongozane. Alitaka fimbo za dukani. Tulikwenda mtaa wa Usagara, kwa Miraji, anayeuza vifaa vya uvuvi, mtu wa pwani mwenye maneno mengi na moyo mzuri.

“Karibuni, karibuni. Mzee, wataka ya kuvulia nini? Jodari? Nguru?” Akashusha fimbo nene kama mpini wa jembe. “Hii yavuta nguru mzima na wala hailalamiki.”

Castory aliishika, akaitikisa, akamrudishia. “Mimi navua maji baridi. Kambare, kwa kukokota. Hii itawararua midomo.”

“Basi hii.”

Castory akaniomba nishike mwisho wa mshipi nitoke nao barazani. “Vuta, Mama Noa. Sasa acha. Vuta tena, kwa hasira.” Yeye alibaki dukani ameshika kitako cha fimbo, amefumba macho. Wapita njia walisimama kututazama, nami nikaona aibu, lakini nikavuta. Nyingine ilikunja ncha tu, chini ikabaki kama chuma, akaikataa. Nyingine ilikunjika yote mpaka mkononi, akasema hii ni mlenda, kambare akiingia kwenye magogo haitamtoa. Ndefu alizikataa kwa sababu zingecheza mbele ya uso wa mpiga makasia, na fupi kwa sababu mshipi ungegusa makasia. Alitaka iwe laini juu, ikunjike mpaka katikati, kisha kiunoni igome.

Miraji alikaa juu ya ndoo akamtazama. “Mzee, nimeuza fimbo siku nyingi, sijaona achaguaye namna hii. Niambie, shida yako hasa nini?”

“Mpiga makasia wangu mkono umeanza kuruka. Nataka fimbo itakayoimeza ile miruko, samaki asijue.”

“Si ubadilishe mpiga makasia? Vijana tele mjini hapa.”

“Huyo habadilishwi,” Castory akasema.

Miraji alinitazama, nikainamisha kichwa. Hakuuliza tena. Alipanda juu ya meza, akatoa rafuni jozi ya fimbo za kijani zenye vumbi, akasema hizo wavuvi wa baharini hawazitaki, laini mno. Nilitoka barazani na mshipi wa kila moja, nikavuta kwa hasira kama nilivyoamriwa. Castory alifumbua macho akasema hizo hizo.

Na zilifanya kazi. Ule mwaka wote mpaka kiangazi nilipata samaki. Imakulata akivuta kwa kushtuka, fimbo inainama na kuinuka polepole, na kijiko huko majini kinaendelea kuyumba kana kwamba hakuna kilichotokea. Castory alikuwa na furaha. Aliniita ukingoni kunionyesha. Nadhani aliamini tatizo lilikuwa la fimbo, na sasa limekwisha.

Kisha Kiswahili cha Imakulata kikaanza kupotea. Mwanzoni aliweka neno moja la Kishambaa katikati ya sentensi. Baadaye sentensi nzima. Baadaye alimtazama Castory akiongea kama vile unavyomtazama mtu anayeongea ng’ambo ya mto. Devota alimpeleka hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Devota alitaka kumchukua Nguvumali. Castory alikataa. “Mikono yake haijasahau kitu,” alisema. “Mkalishe kwenye makasia uone.” Ilikuwa kweli. Nyumbani alihangaika, anafungua mlango, anafunga, anakunja nguo na kuzikunjua. Akikaa kwenye boti na kushika makasia, mabega yanashuka na uso unatulia.

Hapo ndipo Castory alipokuja kwangu kuomba kufundishwa.

Alikaa kwenye kigoda karibu na karai la mafuta, nami huku nageuza samaki namtajia maneno. Alianza na ya ndani: njaa, baridi, maji ya kuoga, kichwa kinauma. Maji ni *mazi*, akashangaa kwamba yanafanana hivyo na hakuwahi kuyasikia. Ulimi wake wa kambini ulikuwa mzito, wanangu wakajificha nyuma ya mlango kucheka. Kuna neno moja nilimwambia, mzee, ukilivuta hivyo linakuwa tusi, usimwambie mkeo. Akalirudia chini chini njia nzima hadi kwake. Siku nyingine alitaka “usiogope”, kisha “nitazame mimi”. Hilo la mwisho alilihangaikia sana. Alilisema, akalisema tena, mpaka nikamwambia sasa limekaa.

Asubuhi moja alikuja mbio mbio.

“Nimemwamkia! Nimemwambia *onga makeo*, akaitikia vizuri kabisa. Akaniuliza mimi mtu wa wapi, mbona naongea kama mtoto mdogo.”

“Ukamjibuje?”

“Nikamwambia mimi mtu wa chini huku, wa mkonge. Akaniambia pole.”

Tulicheka wote wawili mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati, kisha akaendelea kuyafuta baada ya mimi kuacha kucheka.

Kwa muda wakawa na maongezi yao tena, madogo madogo. Alimuuliza kama ameshiba, akajibiwa. Alimwambia kuna baridi, akajibiwa baridi gani hii, ungekuja kwetu ungeijua baridi. Boti ilitoka kila asubuhi. Devota alikuja Jumapili, akamwona mama yake ananyanyuliwa kuingizwa kwenye boti, akaniambia, “Mama Noa, baba hasikii. Siku moja yatatokea mambo.” Nilimwambia nitakuwa naangalia.

Nami nilikuwa naangalia siku ile. Zilikuwa siku za vuli, lakini asubuhi hiyo haikunyesha, na maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilikuwa ukingoni na beseni langu nikisubiri samaki. Boti ilikuwa karibu na ukuta, wanageuza. Imakulata aliacha kupiga makasia. Nilidhani amechoka. Kisha akageuza kichwa, akatazama maji upande huu, akatazama upande ule, kama mtu aliyeamka akajikuta hapo. Akapiga ukelele.

Alimwita baba yake. “Tate! Tate!” Sauti ilipiga ukutani ikarudi. Kisha akasimama, boti ikalala upande, kasia moja likateleza likaanguka majini. Castory aliangukia magoti akamshika mkono, naye akampiga, akapiga kelele kwamba hamjui, anaibwa, mtu huyu anampeleka kumzamisha. Nilimsikia Castory akisema yale maneno niliyomfundisha. Usiogope. Nitazame mimi. Nitazame mimi. Aliyasema vizuri, hakukosea hata kidogo. Imakulata hakumtazama. Alijifunika uso kwa kanga, akakaa chini sakafuni mwa boti akitetemeka.

Castory alipiga kasia lililobaki, huku na huku, mpaka akafika kwenye tope. Fimbo moja ilikuwa imeanguka majini na inaburutwa na mshipi wake. Hakuigeukia. Niliingia majini na nguo zangu nikamtoa Imakulata, naye aliposikia namsemesha kwa Kishambaa alinikumbatia shingoni kama mtoto. Watu walishaanza kukusanyika. Nikamkalisha kwenye majani, nikamfunga kanga yangu, akaanza kuniambia, haraka haraka, pumzi juu juu.

“Dada, nipeleke nyumbani. Mimi maji nayaogopa. Nayaogopa tangu utoto, kwetu hakuna maji mengi hivi. Mume wangu ndiye anapenda kuvua. Mimi nampigia makasia, namtazama usoni, siyatazami maji. Nikimtazama yeye siogopi. Leo hayupo. Yule simjui.”

Castory alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, kamba ya boti mkononi.

“Anasema nini?” mtu mmoja akauliza.

Nilitaka kusema anasikia baridi. Nilishafungua mdomo. Castory aliinua mkono.

“Acha, Mama Noa. Nimesikia.”

Maji nilimfundisha mwenyewe. Hofu pia. Na kutazama alilijua kuliko maneno yote.

Tulimpeleka nyumbani, akalala. Castory alikaa kwenye kizingiti cha mlango na suruali yake yenye tope. Nilimpikia chai, hakuinywa.

“Miaka yote ile, Mama Noa?”

“Sijui, mzee.”

“Hakuniambia hata siku moja. Ningemwacha nyumbani. Ningevua kwa ndoana ya ukingoni kama wengine, tungekula.” Akakwangua tope kwenye suruali. “Yeye ananitazama mimi. Na mimi natazama fimbo.”

Nilikichukua kikombe kilichopoa nikaenda kukiosha.

Boti aliipindua siku ile ile, kifudifudi kwenye majani, na vijana walipokuja kuiomba aliwaambia wachukue. Fimbo sijui zilikwenda wapi. Mimi nikaanza kununua perege wa nyavu.

Baada ya hapo hata ndani ya nyumba Imakulata alimwogopa. Alikula nikimlisha mimi au dada wa jirani. Devota alikuja na gari akamchukua, na safari hii baba yake hakubisha, alifunga nguo zake na za mkewe katika begi moja akapanda nyuma. Nguvumali nako hakukufaa. Imakulata alitoka nje akitafuta njia ya kupanda mlimani, akaletwa na waendesha bodaboda waliomkuta barabarani bila viatu. Mwishowe kaka yake, Methusela, alipiga simu akasema mleteni dada yangu nyumbani, atakapoona migomba yetu atatulia.

Walimpandisha. Castory akaenda naye, akakaribishwa kama mgeni katika boma la wakwe zake, boma ambalo marehemu mkwewe hakutaka kamwe kumwona ndani yake kwa kuwa alikuwa mtoto wa manamba asiyejulikana ukoo. Walimpa chumba karibu na ghala la viazi.

Mimi kwetu ni bonde la pili kutoka pale, kwa hiyo mwisho wa mwaka uliofuata nilipokwenda kwa mama yangu nilipitia kuwaona. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Imakulata alikaa kwenye kigoda jikoni amevaa sweta, anachambua maharage, amenona kidogo, uso umetulia. Castory alikaa ng’ambo ya ungo, naye anachambua. Imakulata alinipokea vizuri, ingawa hakunijua, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia natoka chini, kwenye mkonge.

“Basi ni kwao na mgeni wetu huyu,” akasema, akimwonyesha Castory kwa kidevu. “Ni mtu mwema, ila hana mtu.”

Castory aliendelea kuchambua. “Ndivyo,” akajibu kwa Kishambaa. Kilikuwa Kishambaa kizuri sasa, cha mtu anayekiishi.

“Umepita bwawani?” Imakulata akaniuliza. “Umemwona mume wangu?”

Nikasema nimemwona.

“Mwambie asikae sana majini peke yake. Mwambie mimi nipo kwa kaka, aje kunichukua.”

“Nitamwambia, mama.”

Castory alinisindikiza hadi njiani, ametangulia na fimbo ya kutembelea kwa sababu udongo ulikuwa unateleza. Nilimuuliza kwa nini hamwambii kwamba yeye ndiye.

“Nilimwambia, mara moja. Alikasirika, kutwa nzima hakula. Aliona namtukania mume wake.” Akasimama kupumua. “Siku hizi ananisimulia mimi. Jioni, tukiota moto. Jinsi nilivyokuwa mkaidi. Jinsi nilivyompelekea shangazi yake kuni nikijifanya nimekosea nyumba. Mengine nilikuwa nimeyasahau. Mengine sikuyajua kabisa. Kumbe alilia sana mwaka wa kwanza, kila nikienda korona. Nikirudi ananawa uso.”

“Unavumiliaje, mzee?”

“Nakaa tu nasikiliza,” akasema. “Na ninyi wanawake mna siri.”

Alitaka kucheka, hakuweza. Aligeuka akarudi zake, akishika migomba ili asianguke.

Imakulata alifariki katika masika, kwa homa ya mapafu. Methusela aliniambia baadaye kwamba siku za mwisho hakutaka mtu mwingine amnyanyue ila yule mgeni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya moto. Hakumwita jina. Castory alikuwa amempakata alipokata roho, na aliendelea kumpakata hivyo mpaka wanawake walipoingia na kumwomba awapishe.

Nilikwenda mazishini. Walimzika mteremkoni, chini ya nyumba, kwenye shamba la mahindi la baba yake, mvua ikinyesha na udongo ukirudi shimoni kabla hawajamaliza kuutoa. Padri alipomaliza, Methusela alisema mume wa marehemu aseme neno. Castory alisogea mbele bila kofia. Wengi walitegemea atasema kwa Kiswahili. Alisema kwa Kishambaa. Aliwaamkia wazee kwa heshima zao zote, akawashukuru kwa kumlea mkewe, akawashukuru kwa kumpokea yeye. Halafu akasema, “Mtoto wenu alikuwa anaogopa maji, nami nilimpeleka majini kila siku. Naomba mnisamehe.” Alitaka kuongeza kitu, neno likamkataa. Alinitafuta kwa macho kati ya watu. Sikujua ni neno gani alilolitaka, na sikuweza kumsaidia. Alisimama hivyo, maji yakimchuruzika usoni, mpaka Methusela akamshika bega akamkalisha.

Devota alimbembeleza waondoke pamoja. Chumba kipo Nguvumali, wajukuu wapo, kanisa lipo karibu. Alikataa. Methusela amemkatia kipande cha shamba, karibu na kaburi, naye amepanda viazi na maharage. Devota humpigia kila Jumapili baada ya misa. Baridi inamsumbua kifua, na hataki kwenda hospitali.

Mimi nilimpigia wiki iliyopita. Aliniambia ukungu umeharibu viazi, mvua imezidi, pengine mwaka huu hakuna kitu. Nilimuuliza kama ana haja ya chochote kutoka huku kwetu nimtumie kwa gari la Lushoto. Akasema chumvi ipo, sabuni ipo, niwasalimie wa kambini. Nikamwambia nitawasalimia. Nikaanza kumuuliza kifua kinaendeleaje, lakini mtandao wa kule milimani haueleweki, sauti yake ikawa inakuja na kupotea, mara naisikia, mara siisikii, mpaka ikapotea kabisa.